Mwongozo kamili wa kupanga siku nzima ya vipindi vya mazungumzo kwenye redio ya taifa

Redio ya muziki ikikosea mpangilio, wimbo unaofuata hufunika kosa. Redio ya mazungumzo haina kifuniko hicho. Kipindi kikipitiliza dakika moja, taarifa ya habari inachelewa. Sauti mbili zinazofanana zikifuatana, msikilizaji hajui kipindi kimoja kimeisha saa ngapi na kingine kimeanza saa ngapi. Na vipindi vitatu vizito vikipangwa mfululizo, mtu hunyoosha mkono akazima.

Mwongozo huu unashughulikia siku moja kamili, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku: habari, makala, mahojiano, mchezo wa redio, usomaji wa hadithi, mijadala na kipindi cha simu. Umeandikwa kwa ajili ya mpanga ratiba, mtayarishaji na mtangazaji wa zamu, maana hao watatu ndio wanaoibeba siku.

Anza na msikilizaji anayeingia katikati

Hakuna anayesikiliza siku nzima. Mmoja hufungulia redio akipiga pasi, akaizima anapotoka. Mwingine huikuta inaongea garini, akateremka mahojiano hayajaisha. Wengi hawakusikia mwanzo wa kipindi na hawatasikia mwisho wake. Kwa hiyo swali la kwanza la mpanga ratiba ni hili: aliyeingia dakika ya 11 atajuaje yuko wapi na nani anaongea?

Kwenye mahojiano ya moja kwa moja, taja jina la mgeni na kazi yake kila baada ya dakika 4 au 5. Mtangazaji anayesema "mgeni wetu" nusu saa nzima anaongea na watu waliokuwepo mwanzoni tu. Kwenye mjadala, mwongozaji ataje jina la mzungumzaji kabla hajaanza kusema, si baada ya kumaliza. Usiweke zaidi ya watu wanne pamoja na mwongozaji, kwa sababu kuanzia wa tano sikio haliwatofautishi tena, hasa kama ni wa jinsia moja na wa rika moja. Kwenye makala iliyorekodiwa, sauti iliyopotea kwa dakika 6 hivi itambulishwe upya inaporudi, hata kwa maneno mawili: "mkunga Asha", basi.

Tahadhari moja ni ya mchezo wa redio wenye sura ya taarifa ya habari. Marekani, mwaka 1938, mchezo wa aina hiyo uliwatia hofu baadhi ya wasikilizaji waliokosa utangulizi. Ukiwa na tukio la "taarifa" ndani ya mchezo, usitumie kamwe mlio halisi wa habari wa kituo chako wala sauti ya msomaji wenu wa habari. Tunga mlio mwingine, na mtangazaji wa zamu aseme kabla na baada kwamba ni mchezo.

Angalia uzito wa kusikiliza kabla ya mada

Mpanga ratiba mgeni huhesabu mada. Ameweka siasa, afya, historia, sayansi na michezo, basi anaona siku ina mchanganyiko mzuri. Ukitazama kwa karibu, vyote vitano ni mtangazaji na mtaalamu mmoja wamekaa studio ileile, wakiulizana na kujibizana kwa dakika 28. Kwa sikio, hicho ni kipindi kimoja cha zaidi ya saa mbili.

Chora jedwali la siku lenye safu nne kwa kila kipindi: sura yake (mahojiano, usomaji, makala, mjadala, mchezo), idadi ya sauti, mahali iliporekodiwa (studio, nje, kwa simu), na uzito wa kusikiliza kuanzia 1 hadi 3. Uzito 1 ni kile ambacho mtu anaweza kukifuata huku anapika: hali ya hewa, muhtasari wa habari, mazungumzo ya ucheshi. Uzito 2 ni mahojiano na majarida ya hewani yenye vipande vifupi. Uzito 3 ni mchezo wa redio, mhadhara na makala yenye wahusika wengi, yaani chochote ambacho ukikosa dakika mbili umepoteza uzi.

Kisha pita na kalamu. Vipindi viwili vya uzito 3 visikae jirani. Baada ya uzito 3 ifuate habari, au kipande cha dakika 15 cha uzito 1. Sura moja isirudiwe mara tatu mfululizo. Watangazaji wawili wenye sauti zinazokaribiana wasikabidhiane kipindi. Ikibidi, weka sauti ya tatu katikati, hata kama ni tangazo la kipindi cha kesho la sekunde 30. Tunza pia daftari moja la wageni kwa kituo kizima. Bila hilo, mchumi mmoja hodari wa kuongea atatokea asubuhi, mchana na usiku, kila mtayarishaji akidhani amemgundua yeye.

Mgawanyo wa siku

Pigilia kwanza nguzo zisizohama: habari kila saa kamili, na taarifa kuu za asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku. Vingine vyote vinapangwa kati ya nguzo hizo.

Alfajiri, kuanzia saa 11 hadi 12, kaa na mambo ya kazi: hali ya hewa, hali ya bahari kwa wavuvi na mabaharia, kilimo na mifugo. Kipande kisizidi dakika 4. Msikilizaji wa saa hiyo yuko mbioni na anataka jambo la kutumia leo.

Saa 12 hadi saa 3 asubuhi ni jarida la habari la moja kwa moja. Lijenge kwa nusu saa zinazofanana: vichwa vya habari dakika ya 00 na dakika ya 30, hali ya hewa mahali palepale, michezo mahali palepale. Asubuhi watu hutumia redio kama saa ya ukutani, na wakisikia michezo wanajua wamechelewa. Mahojiano yawe ya dakika 3 hadi 6. Mahojiano makubwa ya siku yakae mara baada ya taarifa ya saa 2, si saa 12 na robo ambapo nusu ya wasikilizaji bado wamelala.

Saa 3 hadi 6 ndiyo sehemu ambayo mpanga ratiba huonyesha ufundi wake, kwa hiyo tutaigeukia hapa chini. Adhuhuri weka taarifa ya nusu saa, kisha kipindi cha simu. Alasiri, saa 8 hadi 11, ni nafasi ya mchezo wa redio wa dakika 43 hivi, sayansi, hazina ya kumbukumbu na marudio. Saa 11 jioni jarida la habari linarudi, fupi kuliko la asubuhi. Usiku ni wa tamthilia ya mfululizo, ucheshi, sanaa na makala ndefu. Saa 4 usiku mapitio ya habari za siku nzima, kisha usomaji wa hadithi kwa sauti ya chini. Saa 6 usiku unakabidhi, ama kwa marudio, ama kwa idhaa nyingine.

Siku hiyo ya saa 19 inabebeka kwa kikosi cha kawaida ikiwa saa 8 hivi ni za moja kwa moja, 6 ni za vipindi vipya vilivyorekodiwa, na 5 ni marudio. Wakubwa wengi huona marudio kama aibu. Si aibu: aliyesikia saa 3 asubuhi na anayesikia saa 3 usiku ni watu wawili tofauti. Aibu ni kurudia saa ileile kesho yake, mbele ya watu walewale. Kipindi cha dakika 43 cha asubuhi kinaweza kurudi usiku kikiwa cha 28, ila akate mtayarishaji wake mwenyewe. Mwingine ataondoa utani uliokuja kutajwa tena mwishoni.

Saa moja kwa karibu

Chukua saa 4 hadi saa 5 asubuhi. Hivi ndivyo inavyoandikwa kwenye karatasi ya zamu, kwa dakika na sekunde:

00:00 – taarifa ya habari, 5:00
05:00 – hali ya hewa, 0:45
05:45 – mtangazaji wa zamu, 0:15
06:00 – mahojiano, 23:30
29:30 – tangazo la kipindi kijacho na mtangazaji wa zamu, 0:45
30:15 – jarida la moja kwa moja, 14:15
44:30 – mtangazaji wa zamu, 0:30
45:00 – usomaji wa kitabu, umerekodiwa, 13:45
58:45 – tangazo la kipindi cha jioni, 0:40
59:25 – mtangazaji wa zamu na jina la kituo, 0:28
59:53 – kimya
59:55 – milio ya saa

Milio sita ya saa, mfumo ambao BBC iliuanza Februari 1924, huanza sekunde ya 55: mitano mifupi, kisha wa sita, na saa kamili ni pale mlio wa sita unapoanza, si unapoisha. Anayeongea juu ya milio anaharibu kitu pekee ambacho msikilizaji alikuwa anakingojea. Ndiyo maana kuna zile sekunde mbili za kimya. Kumbuka pia kwamba kwa anayesikiliza kwa intaneti au redio ya kidijitali milio hiyo hufika imechelewa sekunde kadhaa au zaidi, kwa hiyo usijisifu hewani kwamba watu warekebishe saa zao.

Sasa jarida la moja kwa moja limepitiliza. Mtangazaji wa zamu hahesabu kwenda mbele. Anahesabu kinyumenyume kutoka kwenye milio. 59:55, toa kimya sekunde 2, ni 59:53. Toa jina la kituo peke yake, sekunde 8, ni 59:45. Tangazo la jioni anaachana nalo kabisa. Toa usomaji 13:45, anapata 46:00. Maana yake usomaji ukianza muda wowote kabla ya 46:00, saa 5 itafika salama. Kwa hiyo jarida lina dakika moja ya kupumua, na mtangazaji wa zamu anaweza kumwambia mtayarishaji kwenye hedifoni: "Una sekunde 60, hupati nyingine."

Kila saa lazima iwe na nafasi ya namna hiyo, kati ya sekunde 45 na 90, iliyojazwa vitu vinavyoweza kutupwa bila msikilizaji kujua. Saa iliyojazwa vipindi vilivyorekodiwa hadi sekunde ya mwisho ni mtego: kikitokea kikwazo kidogo, kitakachokatwa ni mwisho wa hadithi.

Na hesabu hizi zifanywe kwa kikokotoo cha muda, au kwa kichwa, si kwa kikokotoo cha kawaida. Ukiandika 14.15 + 13.45 kitakupa 27.60, na mtu mwenye haraka huisoma kama dakika 27 na kitu. Jibu ni 28:00 kamili.

Maneno mangapi kwa dakika

Waandishi waliofunzwa kwa vitabu vya Kiingereza hupiga hesabu ya maneno matatu kwa sekunde. Kiswahili hakiendi hivyo, maana neno moja, "hawakutuarifu", limebeba sentensi nzima. Wasomaji wengi wa taarifa huangukia kati ya maneno 100 na 130 kwa dakika. Mpime kila msomaji: mpe ukurasa asioujua, asome dakika 3 kwa mwendo wake wa hewani, gawanya kwa tatu, andika namba hiyo ukutani. Usimpime kwa dakika moja, kwa sababu dakika ya kwanza kila mtu hukimbia.

Tuseme msomaji wa kitabu anasoma maneno 115. Nafasi ni 13:45, utangulizi na kiashiria, yaani muziki wa kukitambulisha kipindi, vinachukua 0:45, zimebaki dakika 13, sawa na maneno 1,495. Usimpe 1,495. Mpe 1,430 hivi, ili apate nafasi ya kunyamaza panapotaka kunyamaza. Usomaji unaokimbizana na saa husikika ndani ya aya ya kwanza.

Tarakimu zinadanganya hesabu. Kompyuta huona 1,347,000 kama neno moja. Msomaji anasema "milioni moja laki tatu na elfu arobaini na saba", maneno tisa. Taarifa ya bajeti yenye tarakimu 20 za namna hiyo inaweza kupitiliza kwa zaidi ya dakika nzima. Punguza: "zaidi ya milioni moja na laki tatu" inatosha kwa sikio.

Saa nazo. Mitambo inafuata saa 24, mswada unafuata saa ya Kiswahili, na ajali hutokea pale mtangazaji anapotafsiri huku anasoma. Karatasi ya zamu iwe na safu mbili zilizokwisha kuandikwa: 13:00 na pembeni "saa saba mchana". Hatari zaidi ni baada ya saa 6 usiku. Kipindi cha saa 00:30 ya Jumatano kwenye kompyuta, hewani ni "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa sita na nusu". Ukisema tu "Jumatano saa sita na nusu usiku", sehemu ya watu watakisubiri siku nzima baadaye.

Kipindi kilichorekodiwa kinapokabidhiwa

Kipindi hakijawa tayari kwa sababu kimehaririwa. Kinakuwa tayari kikiwa na faili sahihi na kadi iliyojazwa.

Faili iwe WAV, yaani sauti isiyobanwa, 48 kHz, biti 16 au 24. Usikubali MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV, kwani uharibifu uliokwisha kuingia hauondoki, na sauti ikibanwa tena kwenye mitambo ya kurushia, herufi "s" na "sh" huanza kulia kama maji ya mfereji. Kiwango cha sauti kifuate kipimo kimoja kwa kituo kizima. Kile cha Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, R 128, ni LUFS −23 kwa wastani wa ukubwa wa sauti ya kipindi kizima, na kilele kisichovuka dBTP −1. Kituo kinaweza kuchagua namba nyingine, lakini kisiwe na namba mbili. Mchezo wa redio ukitolewa kwa kipimo chake na jarida kwa kipimo chake, msikilizaji anakuwa fundi mitambo wenu: anapandisha, anashusha.

Jina la faili lionyeshe kipindi, tarehe ya kwanza hewani, muda na toleo. "Mwisho", "mwisho2" na "mwisho kabisa" zikikaa kwenye folda moja, siku itakuja ambapo iliyorushwa ni ile yenye kikohozi na mtu anayesema "ngoja, nirudie".

Kadi ndiyo inayopuuzwa, na ndiyo inayookoa. Iandike maneno matano ya kwanza na matano ya mwisho yanayosikika. Iandike kama kinaisha kwa muziki, na muziki huo unafifia kwa sekunde ngapi. Iandike mwisho wa uongo: "kuna kimya cha sekunde 4 kwenye 12:40, bado hakijaisha". Mtangazaji wa zamu ambaye hakuambiwa hilo atafungua maikrofoni na kushukuru wasikilizaji katikati ya mazishi ya mhusika mkuu.

Kisha kadi iorodheshe yaliyomo: kifo, moto, ajali ya ndege au meli, mafuriko, ugonjwa, kiongozi anayetajwa kwa jina, mtu mzee maarufu ambaye bado yu hai. Sababu ni hii. Habari za saa 8 zikitangaza meli imezama, mchezo wa saa 8 na robo unaoanza na dhoruba baharini hauwezi kurushwa. Bila kadi hakuna atakayekumbuka kwamba dhoruba imo. Mtangazaji wa zamu aanze zamu kwa kusoma kadi zote za saa zake, na arudi kuzitazama baada ya kila taarifa ya habari.

Jambo la mwisho kwenye kadi: maneno ya muda. "Leo asubuhi", "wiki iliyopita", "habari za asubuhi wapenzi wasikilizaji" ndani ya kipindi kitakachorudiwa usiku ni kosa la mtayarishaji. Salamu na siku zikae kwa mtangazaji wa zamu, nje ya faili.

Sauti ya kurekodi

Mdomo na maikrofoni vitengane karibu shubiri moja, sentimita 15 hadi 20, na maikrofoni ikae pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ya "p" na "b" isiigonge uso kwa uso. Mgeni aliyezoea mikutano ya hadhara huisogelea na kuishika. Mwekee kwenye mkono wa meza asioweza kuufikia.

Ukirekodi nje, rekodi pia sekunde 60 za mahali penyewe bila mtu kuongea. Bila hizo, kila ukikata sentensi mandhari ya nyuma hukatika nayo, feni inaruka, ndege analia nusu. Unapokata, acha pumzi. Mtu anayesema sentensi tano bila kuvuta hewa humchosha msikilizaji asijue kinachomchosha.

Kwa simu: laini ya kawaida hubeba takriban hertzi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo sauti hukosa uzito wake wa chini na ukali wake wa juu. Dakika 4 au 5 zinavumilika. Dakika 20 ni adhabu. Kama mgeni wa simu anahitajika kwa kipindi kirefu, mwombe ajirekodi mwenyewe kwa simu ya pili iliyo mezani mnapoongea, akutumie faili, na wewe uunganishe pande mbili. Mwambie apige makofi mara moja mwanzoni. Makofi hayo ndiyo yatakayokuonyesha pa kuoanisha.

Kipindi cha simu

Unahitaji watu watatu: mtangazaji, mtayarishaji, na mpokea simu. Mpokea simu asiwe mtu mgeni aliyeletwa jana. Yeye ndiye mhariri wa kweli wa kipindi. Anauliza jina, anapotoka mpigaji, na sentensi moja ya anachotaka kusema. Asiye na sentensi hiyo hana hoja. Kisha anampigia mpigaji, badala ya kumwacha akisubiri kwa gharama yake, na anamwambia azime redio. Redio iliyowashwa karibu na simu huleta mwangwi, na kwa kuwa matangazo yanachelewa kidogo, mpigaji hujisikia mwenyewe na kuanza kugugumia.

Tumia mtambo wa kuchelewesha matangazo, ili neno baya likatwe kwa kitufe kabla halijafika hewani. Sekunde 7 ni kiwango cha siku nyingi, na zinatosha kama mwenye kidole kwenye kitufe anasikiliza kweli. Asiwe mtangazaji, maana mtangazaji anawaza swali linalofuata. Kitufe kikishabonyezwa, mtambo unahitaji muda kujenga upya ucheleweshaji, na katika muda huo hamna kinga: zungumzeni na mgeni wa studio, msichukue simu. Panga wapigaji kwa kupishanisha maoni. Watu wanne wanaokubaliana si mjadala, hata kama ndio waliopiga kwanza.

Mambo yanapoharibika

Kimya. Weka kigunduzi cha kimya kwenye matangazo yanayotoka, kiwake baada ya sekunde 20 hivi. Kikiwekwa sekunde 5, mchezo wa redio wenye kimya cha makusudi utakiamsha. Kikiwekwa dakika, watu wameshahama. Mtangazaji wa zamu asisubiri kigunduzi: sekunde 5 zikipita bila sauti, na kadi haikutaja kimya hicho, anafungua maikrofoni, anataja kituo, anasema kwa ufupi kwamba kuna hitilafu, kisha anaweka akiba. Asieleze ufundi. Asicheke.

Akiba. Kila zamu iwe na vipindi vitatu vya akiba visivyozeeka: kimoja cha dakika 5, cha 14, na cha 28. Viwe vya uzito 1 au 2, visivyo na vichekesho, kwa sababu hamjui vitaingia baada ya habari gani. Vikae kwenye kompyuta na nakala kwenye kifaa kingine kisichotegemea mtandao, kwani mtandao ukianguka ndipo vinapohitajika.

Habari ya ghafla. Amua mapema nani ana mamlaka ya kukatiza kipindi saa 9 alasiri ambapo wakubwa wako mikutanoni. Jibu linalofanya kazi ni mhariri wa habari wa zamu pamoja na mtangazaji wa zamu, wawili wakikubaliana, bila kupiga simu ya tatu. Katiza kwenye nukta, si katikati ya sentensi. Sema habari kwa sentensi mbili au tatu, sema lini mtarudi na zaidi, kisha rudini kwenye kipindi au kwenye akiba. Kurudi kwenye ucheshi baada ya habari ya msiba haiwezekani, hata kama habari hiyo ilichukua sekunde 20.

Kifo cha kiongozi mkuu. Kuwe na folda iliyofungwa: maneno ya kwanza yaliyokwisha kuandikwa na nafasi ya kujaza saa na chanzo, ratiba ya saa 6 za kwanza, muziki uliochaguliwa, orodha ya vipindi vya kuondoa. Ifanyiwe mazoezi mara moja kwa mwaka katika studio isiyounganishwa na mitambo ya kurushia. Hakikisheni kweli haijaunganishwa. Mtu aende kwa miguu akatazame.

Kosa la ukweli. Likitangazwa kwenye taarifa ya saa 7, lisahihishwe mapema iwezekanavyo na tena kwenye taarifa ya saa 7 kesho yake, kwa sababu waliolisikia wako hapo. Kama kipindi chenye kosa kina marudio usiku, marudio yazuiwe kwenye kompyuta mara moja, kabla ya kujadili nani amekosea. Na nakala iliyowekwa mtandaoni ibadilishwe saa hiyohiyo. Hiyo husahaulika karibu kila mara.

Daftari la zamu

Mtangazaji wa zamu anaandika kila kilichotofautiana na ratiba: saa, kilichopangwa, kilichotoka, sababu kwa maneno yasiyozidi kumi. "10:44, jarida limepitiliza 0:50, tangazo la jioni limetupwa." Asiandike lawama. Mpanga ratiba asome daftari kila asubuhi na atafute yanayojirudia. Jarida likipitiliza mara tatu kwa wiki, kasoro si ya mtangazaji wake. Nafasi ya 14:15 haikitoshi kipindi hicho, au mahojiano manne yanasukumwa panapotosha matatu. Tangazo lililotupwa jana lirudishwe leo kabla kipindi chake hakijapita, na kipindi cha akiba kilichotumika kipatiwe kingine cha urefu uleule kabla zamu ya jioni haijaingia.